Makasta wa epiki wa Warmachine (Mk II): nianze na nani kati ya hawa niliowapata?

Mjomba_Leicester

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina swali kuhusu Warmachine, ule mchezo wa vita wa sanamu ndogo mezani, ile ya zamani ya Mk II (toleo la pili la sheria), wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Mwezi uliopita nimenunua boksi la mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama hapa Leicester, zito kama mfuko wa saruji maana sanamu nyingi mle ndani ni za chuma siyo plastiki, na kadi zake za Mk II zote zipo kila moja kwenye kifuko chake cha nailoni. Mimi na mpwa wangu tunacheza huu mwezi wa nane sasa, tulianza na maboksi ya kuanzia, mimi jeshi la Cygnar yeye la Cryx, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunatandika ubao wetu wa futi 4 kwa 4 juu ya meza tunacheza mpaka giza. Kasta wangu, yaani kiongozi mchawi wa jeshi, siku zote amekuwa Haley wa kwanza, yule Captain Victoria Haley, nimemzoea mpaka kadi yake siiangalii tena.

Sasa humo kwenye boksi nimekuta makasta wa epiki, yaani matoleo ya baadaye ya viongozi wale wale. Kuna Haley wa pili (Major Victoria Haley), Stryker wa pili (Lord Commander), Butcher wa tatu wa jeshi la Khador na mbwa wake wawili, na upande wa Trollbloods, jeshi la Hordes, mchezo ndugu wa Warmachine, kuna Madrak wa pili, World Ender. Nilivyoona neno epiki nikajua hapa nimepanda levo, nikamchukua Haley wa pili siku hiyo hiyo nikampanga vile vile nilivyokuwa nampanga wa kwanza, Long Gunners (wapiga bunduki) kushoto, Ironclad (jeki, yaani roboti la vita) katikati, kasta mwenyewe nyuma. Kufika zamu ya kufyatua natafuta Deadeye kwenye kadi haipo, ule uchawi wa kuwapa wapiga bunduki dadu ya ziada ndiyo nilikuwa naishi nao, nageuza kadi huku na huku haipo. Nimepigwa mechi tatu mfululizo, moja imeisha raundi ya pili.

Kwa hiyo naomba kujua, kati ya hawa nani mmempenda zaidi kumchezesha na kwa nini, na huyo mtu nimwelewe vipi? Tunacheza pointi 25 tu, mechi ndogo, mashindano hatuendi. Nataka yule ambaye nikimweka mezani nitaona kweli huyu mtu amebadilika, siyo yule wa mwanzo amepakwa rangi nyingine.

Dadu_Mbili

Karibu sana mkuu, na hongera kwa boksi, chuma cha zamani kina raha yake.

Kwanza hilo la kupanda levo tulitoe kabisa kichwani maana ndilo linaloumiza wengi. Mchezo ulitoka 2003, makasta wa epiki wakaletwa na kitabu cha Apotheosis mwaka 2005, na wazo lilikuwa ni hadithi, vita vya Immoren, bara la mchezo huu, vinasonga mbele, watu wanapoteza ndugu, wanapewa vyeo, wengine wanakufa wanarudi si wazima si wafu, sasa mtu aliyepitia yote hayo hawezi kupigana kama alivyopigana akiwa na miaka ishirini. Ndiyo maana huwezi kuweka Haley wa kwanza na wa pili jeshi moja, ni mtu mmoja yule. Halafu angalia tena kadi zako, kwenye Mk II kasta hana bei, wote wanakuja na pointi zao za bure za kununulia majeki, awe wa kwanza awe wa tatu. Kwa hiyo wa epiki hajakugharimu zaidi na hajakuahidi nguvu zaidi. Kakuletea kazi nyingine tofauti, basi.

Sasa Haley. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye mchezo mzima, nimemchezesha miaka, kwa hiyo nivumilie nitaandika sana.

Haley wa kwanza ni kamanda anayewapa watu wake nguvu. Deadeye kwa wapiga bunduki, pigo lake kuu la mara moja kwa mechi linawapa wote walio kwenye eneo lake shambulio la ziada, kwa ufupi yeye anakufanya WEWE uwe mkali. Haley wa pili hakufanyi wewe mkali hata kidogo. Huyu anamnyang'anya mwenzako zamu yake. Soma pigo lake kuu polepole: maadui walio kwenye eneo lake, kila mmoja kwenye zamu yake inayofuata anaachia ama mwendo ama tendo, achague kimoja, na wewe ndiye unayepanga nani aanze nani afuate. Fikiria maana yake. Kuchaji, yaani kumkimbilia adui na kumpiga, kunahitaji vyote viwili, mwendo na shambulio, kwa hiyo hakuna atakayekuchaji. Na huo mpangilio ndiyo kisu chenyewe, unawaanzisha wale wa nyuma wakati wa mbele bado wamesimama kama ukuta, wa nyuma wanakosa pa kupita, unakuja kuwaamsha wa mbele mwishoni kabisa wakati nafasi imeshapotea. Fokasi yake, ile nguvu ya uchawi ya kasta, ni 8, kwa hiyo eneo lake, mara mbili ya fokasi, linafika inchi 16, kwenye ubao wako wa inchi 48 hiyo ni theluthi nzima kwenda kila upande.

Halafu Telekinesis. Watu wanaiona kama uchawi mdogo wa fokasi 2, unahamisha kitu inchi 2 na unakigeuza kuangalia unakotaka. Jamani, KUGEUZA. Jeki kubwa la Cryx limekuja limekukazia macho, unaligeuza mgongo, sasa unalipiga kutoka nyuma kwa nyongeza ya +2 kulenga, na lenyewe zamu ikifika haliwezi kumchaji asiyeonekana mbele yake. Unaweza pia kuitumia kwa mtu wako mwenyewe, Ironclad amebakiza inchi moja na nusu kufika, umemsogeza amefika.

Kwa hiyo ukimpanga kama wa kwanza utapigwa tu, hilo si kosa la mikono yako. Huyu hataki kukaa nyuma anasubiri bunduki zifanye kazi. Tafuta Thorn humo kwenye boksi, jeki dogo lenye arki nodi (kifaa cha kupitishia uchawi), ndiye mwenzake wa kufa na kuzikana, uchawi wote unatokea mgongoni mwa Thorn na Haley mwenyewe yuko mbali. Na usilipige pigo kuu ukiwa na wasiwasi. Lipige zamu ile ambayo jeshi lake lote limeingia ndani ya inchi 16 na lilikuwa linajiandaa kukuchaji zamu inayofuata. Ukiwahi hujapata kitu, ukichelewa umeshachajiwa.

Karatasi_Nairobi

Buda mi napingana kidogo na mkuu hapo juu, si kwa ubaya. Haley wa pili ni mtamu lakini si wa kuanzia, anataka ujue mchezo wa mwenzako kuliko unavyojua wako, na mtu aliyepoteza tatu mfululizo anahitaji mtu wa kumrudishia moyo. Mweke Butcher wa tatu.

Sisi huku tunacheza na vipande vya kadibodi, milimita 30, 40 na 50 tumekata kwa mkasi, jina limeandikwa juu na mstari wa kuonyesha mbele ni wapi, sanamu za ukweli ni chache na kuziagiza ni bei, lakini hata akiwa kadibodi Butcher anaogopesha. Butcher wa kwanza, jina lake Orsus Zoktavir, ni rahisi, pigo lake kuu linaongeza dadu kwenye damage, wewe nenda uue. Wa tatu ni yule yule lakini ameachana na habari ya kuongoza watu. Mbwa wawili mbele, shoka Lola mkononi, ana uchawi wa kuwavuta maadui wamsogelee halafu Flashing Blade anampiga kila aliye ndani ya urefu wa shoka mara moja. Unavuta, unazungusha, panakuwa peupe.

Unachojifunza kwake ni kimoja na ni kikubwa: kasta akienda mbele na asipomaliza kazi, mechi imeisha, maana kasta akifa umeshindwa hata kama jeshi lote zima. Hesabu inchi zako kabla hujamgusa. Mi nimejifunza kupima umbali kwa Butcher kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Mjomba_Leicester

Asanteni sana, nimesoma ya Dadu_Mbili mara mbili na kadi mkononi. Hilo la kuwaanzisha wa nyuma kwanza sikuwahi kuliwaza kabisa. Thorn yupo, alikuwa amejificha chini ya mabawa ya dragoni fulani la mchezo mwingine, mkono mmoja umeng'oka.

Karatasi_Nairobi nimekuelewa, tatizo Khador sina zaidi ya Butcher na mbwa wake, hana jeki hata moja wa kumfuata. Nitaangalia kama nitapata Juggernaut wa mtumba.

Na Madrak je? Kuna mtu anamtumia? Trollbloods wapo wengi kwenye boksi, vikosi viwili vizima na wanyama watatu, na sanamu yake ndiyo nzuri kuliko zote, lile shoka. Ila Hordes sijawahi kucheza.

BintiMuscat

Madrak jamani. Niitikie hapo.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Muscat, nacheza na mume wangu na shemeji yangu, na Trollbloods ndiyo jeshi langu la kwanza na la mwisho. Hordes usiiogope, tofauti kubwa ni moja: kwenye Warmachine kasta anagawa fokasi kwa majeki, kwenye Hordes mnyama ndiye anayezalisha fyuri ukimlazimisha kufanya kitu cha ziada, halafu kiongozi wako anaivuta kutoka kwake zamu inayofuata. Ukiwalazimisha sana ukashindwa kuivuta yote, mnyama anapimwa kwa dadu na anaweza kupandwa na wazimu akamvaa yeyote aliye karibu, hata wako. Na kiongozi akipigwa anaweza kutumia fyuri moja kuihamishia ile damage kwa mnyama. Ukishika hayo umeshaweza nusu.

Sasa Madrak Ironhide. Wa kwanza ni chifu. Mzee wa watu, amewatoa watu wake kwenye misitu ya Thornwood vita vilipowafukuza, na kwenye meza anacheza hivyo hivyo, uchawi wake Surefoot unawafanya watu wawe wagumu kupigwa na wasiangushwe chini, anawabeba. Shoka lake ni Rathrok. Hilo shoka lina laana, na jina hilo ndilo World Ender. Kwa Madrak wa pili laana imeshamshika, kifo kinachomjia yeye kinawaangukia watu wake. Na walioandika kadi hawakuyaacha maelezo hayo kwenye kitabu tu, wameyaweka kwenye sheria, kuna kitu kinaitwa Grim Salvation: Madrak akilengwa na shambulio likampata, unachagua askari wako aliye karibu naye, linampata yeye badala yake.

Nikuambie mechi moja. Tulikuwa tunacheza pointi 35, shemeji ana Khador, ana mzinga umeelekezwa kwa Madrak na amebusti kila kitu (amelipia dadu ya ziada), dadu tatu mezani na zote kubwa. Umempata. Mimi nina askari wa Fennblades watatu wamemzunguka, na hawa nilikuwa nimewapaka rangi mmoja mmoja majira ya joto, mmoja nimemchorea skafu ya kijani ya kitambaa cha ukoo wake, mstari juu ya mstari kwa brashi ya nywele chache, siku tatu nzima. Nikamchagua huyo. Nilimwondoa mezani mwenyewe kwa mkono wangu na nilikaa kimya kidogo, mume wangu akaniuliza vipi. Madrak wa kwanza angesimama mbele yao. Huyu alisimama nyuma ya maiti zao, zamu iliyofuata akatoka akamfuata kasta wa Khador na uchawi wake Killing Ground umewapa wenzie njia kwenye msitu, na tukashinda. Hakuna kasta mwingine aliyewahi kunifanya nihisi hivyo juu ya vipande vya chuma.

Namna ya kumchezesha: askari wengi wa bei nafuu karibu yake kila wakati, usimwache peke yake hata zamu moja, maana bila watu ule uwezo wa kumwokoa haupo. Kriel Warriors au Fennblades kikosi kizima. Fell Caller mmoja ni lazima, maana watu wako wana Tough, wakipata 5 au 6 hawafi lakini wanaanguka chini, na yeye kwa sauti yake anawainua wote wasipoteze zamu wakiwa wamelala. Mnyama, mchukue Axer, animasi yake (uchawi wa mnyama) inaongeza mwendo inchi 2, na Mauler kama yupo kwenye boksi. Uchawi wa Warpath ukiuweka mapema, kila wakiua, mnyama wako mmoja anasogea bure kabla hata zamu yake haijafika, unajikuta Mauler yuko mahali ambapo mwenzako alishahesabu kwamba hafiki.

Pointi 25 zinamtosha kabisa, labda hata anapendeza zaidi, maana kila askari ana uzito wake.

Fundi_wa_Chuma

Naongezea upande wa mikono tu, maana nimesikia mkono wa Thorn umeng'oka.

Chuma cha zamani usikibandike na supaglu peke yake, kitang'oka tena ukikigonga na kikombe. Toboa tundu dogo la milimita 1 kwa drili ya mkono upande wa bega na upande wa mkono, kata kipande cha waya wa klipu ya karatasi kiingie kama pini, halafu ndiyo gundi. Ili matundu yaonane, weka tone la rangi kwenye tundu la kwanza, gusanisha, alama itaonekana pa kutoboa upande wa pili. Mkuki wa Haley ukiwa umepinda unyooshe kwa vidole taratibu, ni chuma laini, ukiukunja mara nyingi unakatika.

Rangi ya zamani kama ni nene, loweka kwenye Dettol isiyochanganywa na maji usiku mzima, sugua na mswaki wa zamani, na SUUZA KWA DETTOL KWANZA, ukiweka maji mapema rangi inageuka uji mweusi unaonata na hautoki kwenye mikunjo. Vaa glavu, fungua dirisha. Ikikauka kabisa ndiyo upige praima. Kama kuna kipande cha plastiki au rezini mle ndani usithubutu asetoni, kitayeyuka.

Dadu_Mbili

BintiMuscat umenipa hamu ya kumtafuta Madrak.

Mjomba, mpwa wako anatumia Deneghra si ndiyo? Wa kwanza? Kama ndiye, kuna jambo ujue kwa sababu linafanya hii mechi yenu iwe na maana zaidi. Haley na Deneghra ni mapacha. Mmoja alichukuliwa na wavamizi wa Cryx wakiwa wadogo, akalelewa huko akawa mchawi wao. Deneghra wa pili, Wraith Witch, ni yule yule baada ya kufa, anatumia fokasi anageuka kivuli anapita kwenye ukuta. Na Haley akaendelea mbele mpaka akawa na toleo la tatu linalokuja na vivuli vyake viwili, yeye wa zamani na yeye wa mbele, wote wako mezani pamoja. Kwa hiyo mkicheza hao wawili mnacheza katikati ya hadithi yenyewe.

Kumhusu Stryker wa pili uliuliza na hakuna aliyemjibu. Wa kwanza ni ngao, pigo lake kuu linawapa watu wake wote ARM (ugumu wa mwili) +5 kwa raundi, mwenzako anakukodolea macho tu. Wa pili amekuwa upanga. Ana Overload, anarusha dadu mpaka tatu kuongeza nguvu yake mwenyewe, na mwili wake ndio unaolipa, anaumia kwa hicho alichojiongezea. Nimewahi kuona jeki zima zito limelazwa na mtu mmoja, na yeye naye amebaki na uhai wa kuhesabu kwa vidole. Mweke kwa siku ambayo mmechoka kufikiria mnataka kitu kiamuliwe haraka. Lakini usimweke kabla hujamwelewa Haley, utazoea kurusha kasta mbele kwa kila tatizo.

Na tahadhari moja kwa Deneghra wa kwanza: pigo lake kuu linakutoa 2 karibu kwenye kila kitu, mwendo, nguvu, DEF (ugumu wa kulengwa), ARM, na ana uchawi wa Scourge unaoangusha watu chini. Anautupa kupitia Deathripper wake, jeki dogo lenye arki nodi. Aliyeanguka DEF yake inashuka mpaka 5 na kumpiga kwa mkono hakukosi. Mtazame yule Deathripper kuliko unavyomtazama Slayer, jeki lake kubwa.

Mjomba_Leicester

Wakuu nimerudi, mechi imechezwa Jumamosi hii. Haley wa pili na Deneghra wa kwanza, pointi 25. Nimepoteza, lakini naandika nikiwa na furaha, ngoja niwaeleze.

Mkono wa Thorn umeshika, pini imefanya kazi, asante Fundi. Nilimweka Thorn mbele kulia, Ironclad katikati, askari wa Stormblades nyuma yake, Haley nyuma ya kilima kidogo. Mpwa wangu akaja kama kawaida yake, askari wake wa Bane Thralls mbele, Slayer pembeni yao, Deathripper anakimbia ubavuni, mechanithralls wamejazana nyuma. Zamu yangu ya pili nikapima, wote ndani ya inchi 16 isipokuwa Deneghra mwenyewe. Nikapiga pigo kuu. Halafu nikamwambia, haya baba, wanaanza mechanithralls.

Akaangalia ubao. Mbele yao Bane Thralls wamesimama bega kwa bega, kulia ukuta, kushoto Slayer. Akaniangalia. Akasema, "Mjomba, sasa hawa waende wapi?" Ilibidi wasogee inchi moja mbili wakabaki pale pale wamebanana. Nikamwambia Slayer afuate, akachagua mwendo, akasogea akasimama mbele ya Ironclad hana la kufanya maana tendo ameshaliachia. Bane Thralls nikawaweka mwisho. Raundi nzima jeshi lake lote halikunipiga hata pigo moja, na miezi nane sijawahi kuona kitu kama hicho.

Zamu yangu nikahesabu kwa sauti, fokasi 8, tatu kwa Ironclad, mbili Telekinesis kupitia Thorn, moja ya kubusti, zinabaki mbili juu ya Haley. Telekinesis ikampata Slayer nikamgeuza akawa anaangalia kwao. Ironclad na nyundo lake kutoka nyuma, pigo la kwanza, la pili, la tatu, sanduku za damage zikajaa. Yule Slayer amenisumbua tangu mwezi wa kwanza.

Kosa langu ni lile lile Dadu_Mbili alilolisema na mimi nikalisahau kwa furaha ya Slayer. Deathripper nilimwacha ubavuni mzima kabisa. Deneghra akapiga pigo lake kuu, akatupa Scourge kupitia kwake, Haley akaanguka chini, zile fokasi mbili zilizobaki zilimwongezea ARM lakini na Deneghra alishamtoa 2, ikawa sawa na bure. Bane Thralls wawili walionusurika mikononi mwa Stormblades wakamfikia. Mwisho.

Jioni nikakaa na kadi nikaona nilikuwa na njia. Domination, uchawi wa kulitawala jeki la adui. Ningemchukua yule Deathripper badala ya kumgeuza Slayer, ningemtembeza mpaka nyuma ya ukuta, au ningemwelekeza kwa Bane Thralls akawauma wao. Slayer peke yake bila arki nodi karibu asingenifikia Haley zamu ile. Nilitumia fokasi zangu kwa kile kilichokuwa kinaniudhi, nikaacha kile kilichokuwa kinaniua.

Mpwa wangu ameshasema Jumamosi ijayo analeta Deneghra wa pili, amesoma ile habari ya mapacha hapa na hajalala. Nabaki na Haley mpaka nimshinde naye mara moja, halafu ndiyo Madrak. BintiMuscat, Fell Caller nimempata kwenye boksi, ila Fennblades wapo tisa tu, mmoja hayupo. Nikimweka Kriel Warrior kwenye nafasi yake kwa mechi za nyumbani kuna atakayelalamika?

BintiMuscat

Hakuna, mwekee tu alama kwenye besi ili mpwa wako asichanganye. Na ukianza kuwapaka rangi, anza na wale watakaosimama karibu na Madrak.